Marehemu Hakuwa Juu ya Tangi

Ndugu waombolezaji, jirani zetu, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi mliosimama juani kwa kukosa viti, familia inawashukuru kwa kufika, na kabla historia haijasomwa inawaomba jambo moja, kwamba mwenye kalamu afungue karatasi aliyogawiwa pale getini, ukurasa wa pili, aitafute aya ya saba inayoanza na maneno "Mauti yalimkuta", aipige mstari kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana aya ile si ya kweli, na aliyeiandika ndiye huyu anayesoma.

Anayesoma ni mdogo wake marehemu, wa baba mmoja na mama mmoja, mtunza redio wa kiwanja kidogo cha ndege ambako marehemu alifanya kazi kwa miaka kumi na tisa, na kwa kuwa aibu imemkaba, na kila akijaribu kusema "mimi" sauti inamkatika, mtamwia radhi, atajitaja humu kama mdogo mtu, kana kwamba ni mtu mwingine, ili angalau afike mwisho wa karatasi.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 11 Februari 1969, katika nyumba ya pili ya mstari wa nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi mitambo na mkewe mshonaji, na alizaliwa wiki tano kabla ya siku zake, mkunga akiwa ndiyo kwanza anavua koti la mvua, hivi kwamba mama yetu alikuwa akipenda kusema mtoto huyu hakuzaliwa, alijitokeza mwenyewe, na mkunga alifika kushuhudia tu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1976, akasifika kwa kunyoosha kidole kabla mwalimu hajamaliza swali, mara nyingine akajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, na akiwa darasa la sita aliisogeza mbele saa ya ukutani ya nyumbani kwetu kwa dakika kumi, ili baba asichelewe zamu, na baba akaiacha hivyo hivyo, ikawa kila mtu wa nyumba ile akitazama saa anatoa dakika kumi kichwani bila hata kufikiri, ni wageni tu waliokuwa wakikurupuka na kuaga mapema, sisi tukawacheka mpaka machozi yanatutoka. Alihitimu elimu ya msingi mwaka 1982, sekondari mwaka 1986, akasomea ufundi wa injini kuanzia 1987 hadi 1989, akafanya kazi karakana ya matrekta kwa miaka mitatu, kisha akaingia chuo cha urubani, na alikabidhiwa leseni yake ya kwanza Ijumaa tarehe 3 Juni 1994, akiwa wa kwanza kufika ukumbini, kama mlivyokwisha kukisia.

Kuanzia mwaka 1994 hadi 2005 alirusha ndege za kunyunyizia dawa mashambani, na kuanzia Machi 2005 hadi siku ya ajali alirusha ndege ya mizigo midogo, mbegu, vipuri, chanjo na barua, akapewa na wenzake jina la Namba Moja, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko jina lake la cheti, na ambalo tumelichapa kwa herufi kubwa kwenye karatasi mliyoishika. Alikuwa mtu wa watu, mchangamfu, mwepesi wa kusaidia, hakuna fundi pale kiwanjani ambaye hakuwahi kushikiwa tochi na yeye, na mwaka 2009, mdogo mtu alipokuwa amekaa nyumbani miezi kumi na minne bila kazi, ni marehemu aliyemshika mkono hadi ofisi ya mkuu wa kiwanja, akamsemea kwa maneno mengi na mazuri, mdogo mtu akapewa kiti cha chumba cha redio, kiti ambacho amekikalia hadi jana.

Jumamosi tarehe 14 Desemba 1996 marehemu alifunga ndoa na shemeji yetu, karani wa posta, na siku hiyo alifika saa nzima kabla ukumbi haujafunguliwa, akakaa ngazini na suti yake mpya, akiwapigia honi ya mdomo wapita njia, mpaka bibi harusi alipofika akamwambia mbele ya watu kwamba mwanamume mwenye haraka namna hii ipo siku atamwoa mtu ambaye hajafika. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti aliyezaliwa 1998 ambaye ni mfamasia, kijana aliyezaliwa 2001 ambaye ni fundi majokofu, na kitinda mimba wa kike aliyezaliwa 2007 ambaye bado yuko masomoni, na kwao wote alikuwa baba wa kuwabeba, kuwatania na kuwafunga kamba za viatu hata walipokuwa wakubwa wa kutosha kujifunga wenyewe.

Hadi hapo karatasi mliyonayo na historia hii zinakwenda sambamba, na mdogo mtu angependa ziishie hapo, asome shukrani na kukaa chini, lakini ukutani pale karibu na geti amesimama mume wa yule rubani mwingine wa ajali ile, hakuja kuomboleza nasi na wala hatumdai maombolezo, amekuja kusikiliza kama yatasomwa yale aliyoahidiwa mama mkwe wake kwamba yatasomwa.

Kwa wasioijua kazi ile, kiwanja chetu hakina mnara wa kuongozea ndege, kina chumba kimoja cha redio chenye dirisha moja la kuelekea mashariki, na rubani anayekuja kutua hutangaza redioni mahali alipo, wenzake wakamsikia, wakapanga foleni kwa kuaminiana, na alama kubwa ni mbili, kiwanda cha matofali kilichoko kilomita saba, na tangi la maji la mji lililoko kilomita tatu, na aliyetangulia kusema yuko juu ya tangi ndiye hutua kwanza. Mtunza redio hamwamuru rubani, kazi yake ni kusikiliza, kuandika kitabuni muda na mahali, na akiona hatari dirishani abonyeze kitufe aseme.

Marehemu alikuwa na mazoea ya kusema yuko juu ya tangi wakati ndiyo kwanza anavuka kiwanda cha matofali. Marubani wenzake walilijua hilo, walicheka, wakalizoea, na Namba Moja akisema tangi wao walielewa matofali, wakatoa hizo kilomita nne kichwani, wakampisha kwa sababu wanampenda na kwa sababu mizigo yake mara nyingi ilikuwa chanjo, na jina lenyewe la Namba Moja lilitoka hapo, halikutoka kwenye ushujaa kama karatasi inavyosema. Mdogo mtu, ambaye kutoka kitini pake aliliona tangi na aliuona moshi wa kiwanda, na akaona kila mara kwamba kaka yake hayupo pale anaposema, aliandika kitabuni kile alichokisikia, si kile alichokiona, tangu mwaka 2009, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko mzuri.

Mara moja tu, mwezi Mei 2011, alibonyeza kitufe akamwambia kwa upole kwamba bado hajafika tangini, marubani wengine wakacheka hewani, na jioni ile mezani, mbele ya shemeji na wageni, marehemu alimuuliza kama siku hizi ameajiriwa kuwa askari wake, halafu akakaa wiki sita bila kumsemesha, anampita kiwanjani kama anapita nguzo, na mdogo mtu, aliyelelewa kujua kwamba kaka mkubwa hasahihishwi mbele za watu, tena kaka aliyempa ugali wa kila siku, akaapa moyoni kwamba hatarudia.

Jumatatu tarehe 12 Agosti mwaka huu wa 2024, kiwanjani kwetu alihamia rubani mwanamke, mwalimu wa kurusha ndege, mwenye miaka thelathini na nane, mke wa huyu ndugu aliyesimama ukutani, mama wa mtoto mmoja wa miaka tisa, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwita vinginevyo, tutamwita Mwalimu. Alikuwa mtu wa utaratibu, alitangaza mahali alipo pale pale alipokuwa, wala si mita mia mbele, na siku ya tatu tu alikuja chumba cha redio akamuuliza mdogo mtu kama kuna lolote la kiwanja hiki analopaswa kulijua ambalo halijaandikwa, na mdogo mtu alimjibu kwamba hakuna, kila kitu kiko ubaoni, akamwonyesha na mahali pa kupata chai. Swali hilo aliliuliza waziwazi, akitazama usoni, na lilikuwa swali la mtu anayejua kazi.

Alhamisi tarehe 5 Septemba, saa nne na dakika kumi na tano asubuhi, anga ikiwa safi kabisa, marehemu alitangaza yuko juu ya tangi. Mwalimu, aliyekuwa peke yake akirudisha ndege iliyotoka matengenezo, akija kutoka upande wa kaskazini, alimjibu kwa adabu kwamba amemsikia, kwamba atamfuata nyuma yake akiwa wa pili, akageuza ndege kuelekea tangini, akawa anatafuta mbele, upande wa uwanja, ndege ambayo kwa alivyoambiwa ilikuwa imekwisha kupita, kumbe ilikuwa nyuma yake na juu yake, inashuka. Ndege ya marehemu mabawa yake yako chini, rubani haoni kilicho chini yake, na ndege ya Mwalimu mabawa yake yako juu, rubani haoni kilicho juu yake, na katika watu wote waliokuwa hai asubuhi ile ni mmoja tu aliyeziona ndege zote mbili kwa pamoja.

Mdogo mtu aliziona. Alikuwa na kipaza sauti mkononi, kidole kikiwa juu ya kitufe, na maneno yaliyohitajika yalikuwa matano, "Namba Moja, bado hujafika tangini", sekunde mbili, hazizidi tatu, na mlangoni nyuma yake alikuwa amesimama mkuu wa kiwanja na wageni wawili wakionyeshwa jinsi redio inavyofanya kazi, na kilichopita kichwani mwa mdogo mtu hakikuwa hatari, Mungu ni shahidi, kilichopita ni ile meza ya mwaka 2011, na zile wiki sita, na jinsi kaka atakavyofedheheka mbele ya wageni. Akasema moyoni ataona mwenyewe. Saa nne na dakika kumi na saba, juu kabisa ya tangi, ndege ya marehemu ilishuka juu ya ndege ya Mwalimu.

Mwalimu alifariki papo hapo. Marehemu aliangukia shamba la mahindi, wakulima wakavunja mlango wa ndege kwa majembe wakamtoa, amevunjika miguu yote miwili na mbavu sita, na mdogo mtu, kabla hajatoka mbio kwenda shambani, jambo ambalo anaona aibu kulisoma kuliko yote, alikaa, akachukua kalamu, akaandika kitabuni kwamba saa nne na dakika kumi na tano Namba Moja alikuwa juu ya tangi.

Mjomba, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, anaombwa akae, imebaki karatasi moja, na aliyoyasema juzi kwamba msiba si mahakama yamesikika na yanaheshimiwa, ila mahakama nyingine ilikwisha kukaa, ilikaa sokoni, ikakaa vijiweni, ikakaa sebuleni kwetu sisi wenyewe, ikamhukumu Mwalimu siku ya pili tu. Wachunguzi walikichukua kile kitabu, wakakisoma, wakamhoji mtunza redio, naye akasema kitabu kiko sahihi, na taarifa yao ya awali ya tarehe 24 Septemba ikasema Mwalimu aliingia njia ya kutua bila kujiridhisha, watu wakaongeza ya kwao, kwamba mwanamke alikurupuka, kwamba mgeni hakutaka kusubiri zamu, na mtoto wake wa miaka tisa akaambiwa na wenzake darasani kwamba mama yake ndiye aliyemgonga Namba Moja. Kosa la mama yake lilikuwa moja, aliamini alichoambiwa, kwa sababu sisi tuliojua namna ya kupunguza zile kilomita hatukumwambia apunguze.

Sisi familia tulilipokea hilo kwa mikono miwili, tukajifariji nalo, tukalichapa, na Mwalimu alipozikwa Jumatatu tarehe 9 Septemba, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapa, hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda, tukasema tunauguza.

Marehemu aliuguzwa siku ishirini na tatu katika wodi ya majeruhi ya hospitali ya mkoa, kitanda cha dirishani, na siku ya tano alipopata kauli, neno la kwanza aliuliza kama Mwalimu amepona, tukamjibu kwamba yuko wodi ya wanawake anaendelea vizuri, akasema akipata nafuu apelekwe akamwone. Vidonda vilianza kukauka lakini mapafu yakaingiwa na maambukizi, na mchana wa Ijumaa tarehe 27, wakiwa wawili tu, alimuuliza mdogo wake kitabuni aliandika nini. Mdogo mtu akamjibu kwamba ameandika vile vile alivyosema kaka. Marehemu akafumba macho, akasema "Haya", na hakusema tena neno lenye maana hadi alipofariki, Jumamosi tarehe 28 Septemba 2024, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, miezi saba na siku kumi na saba. Siku mbili nzima mdogo mtu alijiambia kwamba ile "Haya" ilikuwa ruhusa, kwamba kaka amebariki, na kwa nguvu ya neno hilo akaiandika aya ya saba, kwamba kaka alikuwa kweli juu ya tangi alipotangaza na Mwalimu ndiye aliyemgonga, lakini ukweli ni kwamba hajui lilikuwa neno la kushukuru au la kukata tamaa, na hatajua.

Juzi mchana binti mkubwa wa marehemu, aliyeipiga chapa historia ile, alipokuwa akiisoma upya aligeuka akamuuliza, "Baba mdogo, wewe si ulikuwa dirishani? Mbona hapa hujaandika ulichokiona?", na kwa kuwa binti huyu hana hila mdogo mtu alishindwa kumdanganya, akamweleza kila kitu kama mlivyosomewa, naye akalia, akamwita mama yake. Karatasi za getini zilikuwa zimekwisha kupelekwa kuchapwa. Shemeji yetu aliposikia yote hakusema yasomwe, hakusema yasisomwe, alisema tu, "Shemeji, wasomee watu kitu ambacho kesho utaweza kukisimamia", na familia inawaomba msimtupie lawama mama huyu wala watoto wake, hawakujua.

Jana Jumanne, saa tatu asubuhi, mdogo mtu alikwenda kwa wachunguzi akatoa maelezo mapya, kurasa nne, akayasaini, akawaambia kitabu kina uongo wa miaka kumi na tano na wa mwisho ndio ulioua heshima ya mtu, na mkuu wa kiwanja amekwisha kumwambia asirudi chumba cha redio mpaka atakapoitwa, jambo ambalo ni haki. Nakala ya kurasa hizo aliipeleka nyumbani kwa mama mzazi wa Mwalimu, mama ambaye alifundisha hesabu kwa miaka thelathini, akaisoma yote akiwa amesimama mlangoni bila kumkaribisha ndani, kisha akauliza, "Ulikuwa unawaona wote wawili?", akajibiwa, "Nilikuwa nawaona, mama", akauliza, "Na redio ulikuwa nayo mkononi?", akajibiwa, "Nilikuwa nayo", akakunja karatasi mara mbili, akasema haya wameandikiwa wakubwa ofisini, lakini mjukuu wake hasomeshwi ofisini, anasoma na watoto wa watu hawa watakaokuja mazikoni, je, watu hao watasomewa? Akaambiwa watasomewa. Akafunga mlango taratibu.

Basi mmesomewa, na familia inawaomba wazazi wenye watoto katika shule ile wafike nyumbani leo wawaambie, kwa maneno yoyote mepesi, kwamba mama wa mwenzao hakumgonga mtu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya majeruhi, waliomgeuza marehemu kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, inawashukuru wakulima wa lile shamba, ambao mahindi yao yaliharibika na hawakuja kulalamika, inawashukuru jirani waliotoa viti, maturubai na masufuria, inawashukuru marubani wenzake waliobeba jeneza, na inajua baadhi yenu mnainamisha vichwa kwa sababu na ninyi mlikuwa mkizipunguza zile kilomita, hilo mtaliangalia wenyewe na dhamiri zenu. Kwa familia ya Mwalimu hatuna shukrani ya kutoa wala msamaha wa kuomba leo, tumewarudishia tulichokuwa tumekichukua, basi.

Mwalimu, ambaye hatukuja kukuzika, pumzika kwa amani. Kaka, ulinipa kazi ya kuona na kusema, nikaona nikanyamaza, nilishindwa kukusahihisha kwa maneno matano ulipokuwa unaweza kunijibu, nimekusahihisha kwa kurasa nzima leo ambapo huwezi, na kama hilo nalo ni woga utanihukumu tutakapokutana. Pumzika kwa amani.